Karata zilezile, mnada tofauti: raba, jozi au timu?

Kila Jumamosi alasiri tunakutana kwenye sebule moja ya Kirumba, Mwanza, mwendo wa dakika chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Tukifika wanne tunacheza bridge meza moja. Tukifika wanane tunagawana timu mbili. Mara chache tunafika kumi na wawili au zaidi, na hapo meza zinaongezwa hadi barazani. Kabla karata hazijachangwa, mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu tunayemwita Babu, huuliza swali lilelile: "Wanangu, leo tunahesabu vipi?"

Kwa muda mrefu nilidhani hilo ni swali la yule anayeshika kalamu. Sivyo. Namna ya kuhesabu ndiyo inayoamua useme nini kwenye mnada. Unaweza kuwa na karata kumi na tatu zilezile na mwenzio yuleyule, mbele ya wapinzani walewale, na kwa hesabu moja ikakubidi useme shupaza 4, kwa nyingine ukatakiwa kutulia kwenye 3. Naandika haya kwa ajili ya kundi lolote linaloanza na linalotaka kuchagua hesabu ya kutumia. Pia ni kwa wale wanaocheza kwenye simu, maana mtandao wa Bridge Base Online una meza za hesabu zote mbili kubwa, jozi na timu, na wengi hukaa bila kuangalia wamekaa kwenye ipi.

Kama turufu unaijua kutoka kwenye karata zetu za barazani, sehemu kubwa ya bridge umeshaijua. Mnacheza wawili kwa wawili. Kwanza mnanadi: nani ataahidi kula triki nyingi zaidi (triki ni mzunguko wa karata nne, moja kwa kila mchezaji), na turufu iwe ipi. Ahadi inahesabiwa juu ya triki 6, kwa hiyo shupaza 4 ni ahadi ya triki 10. Kila triki ya pau au uru ni pointi 20, ya kopa au shupaza ni 30, na bila turufu ya kwanza ni 40 kisha 30 kila inayofuata. Mkataba, yaani ahadi iliyoshinda mnada, ukifikisha 100 ni geimu, na geimu ina zawadi: 300 kwa kawaida, 500 ukiwa hatarini. Mkataba mdogo una zawadi ya 50 tu. Kuwa hatarini ni hali ambayo mgao wenyewe unaitaja kwenye jozi na timu. Zawadi inakuwa kubwa na adhabu inakuwa kubwa. Ukianguka triki moja unalipa 50, au 100 ukiwa hatarini.

Sasa, hesabu zenyewe. Kwenye jozi, matokeo yako kwenye mgao fulani yanalinganishwa na ya kila jozi nyingine iliyoshika karata zilezile, maana mgao unahamishwa kwenye bahasha kutoka meza hadi meza. Jozi uliyoipita inakupa 2, uliyolingana nayo inakupa 1, iliyokupita haikupi kitu. Umeipita kwa pointi 10 au kwa pointi 1000, malipo ni yaleyale. Kwenye timu, meza mbili tu ndizo zinazolinganishwa. Tofauti ya pointi zao inapelekwa kwenye jedwali la impi, yaani alama za mechi ya timu, ambalo linabana namba kubwa: tofauti ya 0 hadi 10 haina impi hata moja, 20 hadi 40 ni impi 1, 220 hadi 260 ni impi 6, 430 hadi 490 ni impi 10, na kadhalika.

Mtu wa Mwanza ataelewa upesi nikimpeleka ziwani. Jozi ni biashara ya dagaa. Mama wa Mwaloni anapima kisado baada ya kisado, na siku yake inaamuliwa na punje za juu ya kipimo, kwa kila mteja, tangu asubuhi hadi jioni. Impi ni uvuvi wa sangara. Unaweza kurudi mikono mitupu safari kadhaa, ukatoa gharama ndogo za mafuta na barafu, kisha samaki mmoja mkubwa, pamoja na bondo lake, akalipa safari zote. Mvuvi wa sangara anayegombania punje anapoteza muda, na muuza dagaa anayesubiri samaki mmoja wa kumtajirisha atafunga genge.

Nichukue mgao mmoja tuutazame kwa karibu. Meza ziko tano, hakuna aliye hatarini, na karata zinatoa triki 10 ukicheza kwa shupaza au bila turufu. Meza tatu zimefika shupaza 4: pointi 420. Meza moja imeishia shupaza 3 na kula moja ya ziada: 170. Meza ya mwisho imesema bila turufu 3 na kula moja ya ziada: 430. Kwenye jozi, wenye 430 wamewapita wote wanne, wamepata 8 kati ya 8. Wenye 420 wamempita mmoja na kulingana na wawili, wamepata 4. Pointi kumi tu zimetenganisha asilimia 100 na asilimia 50! Upeleke mgao huohuo kwenye timu: 430 dhidi ya 420 ni tofauti ya 10, yaani impi sifuri. Lakini wale wa 170, wakiwa na 420 ng'ambo ya pili, wamepoteza pointi 250, sawa na impi 6.

Hapo ndipo penye tofauti yote. Kwenye timu swali ni: tumefika geimu au hatujafika? Kwenye jozi swali ni: tumefika geimu ipi, na tumeongeza triki ngapi?

Mimi somo hili nililipata kwa uchungu. Tulikuwa tumecheza timu miezi kadhaa mfululizo, tukazoea. Siku ya kwanza ya jozi, mwenzangu na mimi tulishika uru nyingi pande zote mbili. Tulinadi kwa utulivu hadi uru 5, tukala triki 11 barabara, 400. Nilimpongeza mwenzangu kwa moyo wote. Karatasi ya matokeo ilipofunguliwa jioni, tukio lile lilikuwa na mstari wa aibu: jozi tatu zilikuwa zimesema bila turufu 3 na kula triki 10, pointi 430 kila moja, na moja ilikuwa na 400 kama sisi. Tulipata 1 kati ya 8. Kwenye timu kosa lile lingetugharimu tofauti ya 30, impi moja tu. Tangu siku hiyo, nikiwa kwenye jozi, uru na pau za ngazi ya 5 naziogopa. Kama pana nafasi ya bila turufu 3, naisema, hata kama naona kopa zetu ni nyembamba. Kwenye timu nafanya kinyume: mkataba ulio salama ndio mkataba, hata ukiwa wa pau.

Tuje kwenye geimu zenye mashaka, maana ndizo zinazojitokeza zaidi na ndipo watu wengi wanapokosea. Tuseme mmefika shupaza 3, na unakadiria kwamba shupaza 4 itatimia mara nne katika kumi. Useme?

Kwenye timu, mkiwa hatarini, ikitimia mnapata 620 mahali ambapo walioshika karata zenu meza ya pili, waliotulia, wana 170: tofauti 450, impi 10. Ikianguka mnalipa 100 mahali ambapo wao wana 140: tofauti 240, impi 6. Katika mara kumi mnashinda mara nne kwa impi 10, jumla 40. Mnapoteza mara sita kwa impi 6, jumla 36. Mna faida. Sema. Hesabu yenyewe inaruhusu hadi asilimia 37 na nusu, na ndiyo maana wazoefu wa timu wakiwa hatarini husukuma geimu ambazo mtazamaji ataziona ni wazimu.

Msipokuwa hatarini picha inabadilika. Ikitimia, 420 dhidi ya 170 ni impi 6. Ikianguka, mnalipa 50 badala ya kupokea 140, impi 5. Mara nne kwa 6 ni 24. Mara sita kwa 5 ni 30. Mna hasara. Hapo mpaka ni asilimia 45 hivi.

Kwenye jozi, hatarini au la, mpaka ni nusu kwa nusu. Ikitimia mara nyingi zaidi ya inavyoanguka, sema. Isipofika nusu, nyamaza. Ukubwa wa zawadi hauna maana kwa sababu aliyekupita amekupita tu. Kuna wenye haraka watakaokwambia "geimu ni geimu, sema tu." Waulize kwanza wanahesabu nini.

Kwenye slamu, mambo ni mepesi kuliko sauti za watu wanapobishana. Slamu ndogo, triki 12, ni nusu kwa nusu kwenye hesabu zote mbili. Kwenye impi faida na hasara zinalingana kabisa, 11 kwa 11 au 13 kwa 13. Slamu kuu ya triki zote 13 inataka uhakika zaidi kwenye timu, asilimia 56 au 57, kwa sababu ikianguka unapoteza na slamu ndogo uliyokuwa nayo mkononi. Kwangu mimi, kwenye kundi ambalo jozi nyingi bado zinaishia geimu, sisemi 7 nisipohesabu triki 13 kwa kidole. Triki 12 zilizosemwa zimeshatosha kuwapita wengi.

Kafara ndiyo inayotenganisha tabia za watu. Wapinzani wako hatarini, wamesema kopa 4. Ninyi hamko hatarini, mna shupaza nyingi na nguvu kidogo. Mnasema shupaza 4 mkijua mtaanguka, wanawapigia dabo, yaani wanaongeza adhabu mkianguka na malipo mkitimiza, mnaanguka triki tatu: 500. Kopa 4 ingewapa 620. Kwenye jozi mmefanya vizuri, mmewapita wote walioachia 620. Kwenye timu mmeokoa 120, impi 3. Lakini ikitokea kwamba kopa 4 ingeanguka? Mngepokea 100, na sasa mnalipa 500: tofauti ya 600, impi 12. Mnahatarisha 12 ili kuokoa 3, na lazima muwe sahihi mara nne kati ya tano ndipo mtoke sare. Kwa hiyo kwenye timu kafara nzuri ni ile ya kuanguka mbili, au ile inayowasukuma wapinzani hadi ngazi wasiyoiweza. Ya kuanguka tatu waachieni watu wa jozi.

Dabo nayo iko hivyohivyo, ila upande wa pili. Wapinzani wako hatarini, wametulia kwenye shupaza 2, nawe unahisi wataanguka moja. Kwenye jozi dabo ina utamu wa pekee: 200 inazidi karibu kila mkataba mdogo ambao upande wenu ungeupata, 110 au 140. Piga. Kwenye timu, ukiwa sahihi umeongeza 100, impi 3. Ukikosea, shupaza 2 yenye dabo imekuwa geimu kwao, na wameondoka na 670 badala ya 110: impi 11. Nimeona mechi nzima ya timu ikiamuliwa na dabo moja ya aina hii, iliyopigwa kwa hasira kwenye mgao ambao haukuwa na kitu. Dada mmoja wa kundi letu, muuguzi, alimwambia mwenzake kwa upole baadaye: "Kaka, mikataba midogo tuwaache wale. Tuwabane kwenye mikubwa."

Kinyume chake, kwenye jozi usiwaache wapinzani walale ngazi ya 2 kwa amani. Wakisema kopa 2 na kutulia, na wewe una shupaza tano na nguvu kidogo, ingia. Ukianguka moja umelipa 50 badala ya 110. Kwenye impi hizo ni 2 tu. Kwenye jozi zinaweza kuwa mgao mzima. Angalia tu hali yako: ukiwa hatarini na ukapigiwa dabo, ile 200 iliyokuwa tamu kwako sasa unailipa wewe.

Raba nimeiacha hadi hapa kwa sababu ni ya watu wanne, na haina wa kulinganisha naye. Hakuna meza ya pili, hakuna bahasha zinazohamishwa. Karata alizokupa aliyegawa ndizo bahati yako. Pointi za mkataba mdogo hazipotei bali zinakusubiri: ukiwa na 60, basi bila turufu 1 tu inatosha kufikisha 100 na kumaliza geimu. Upande wa kwanza kushinda geimu mbili unachukua zawadi ya raba, 700 kama wapinzani hawakupata hata moja, 500 kama walipata moja. Kuwa hatarini hakuandikwi mahali. Unaingia mwenyewe unaposhinda geimu ya kwanza. Wazo hilo la hatari, na la kulipwa geimu kwa kile ulichokinadi tu, lilitulia mwaka 1925 pale Harold Vanderbilt wa Marekani alipokuwa safarini kwa meli ya Finland kutoka Los Angeles kwenda Havana kupitia Mfereji wa Panama, akaandika hesabu mpya akiwa na wenzake mezani.

Kwa hiyo mnada wa raba unatazama daftari kabla ya karata. Mkiwa na 60 zenu, msipande bila sababu; shupaza 2 ni geimu. Wapinzani wakiwa na 60 zao, karibu kila mnada wao wa chini ni geimu, na inafaa kuwapinga hata kwa gharama kidogo. Mchezaji wa jozi akija kwenye raba akaanza kugombania triki ya ziada ya pointi 30, atakuchosha bure.

Udhaifu wa raba ni muda. Inaweza kumalizika kwa migao miwili au ikavuka kumi. Ndiyo maana kwa watu wanne wenye saa ya kuondoka napendekeza Chicago: migao minne tu, hali ya hatari imepangwa tangu mwanzo, na geimu inalipwa papo hapo 300 au 500. Tumeicheza kwenye meli ya usiku ya Bukoba, tukimaliza duru moja na kubadilishana wenza, na hakuna aliyeachwa katikati ya raba taa za bandari zilipoanza kuonekana.

Basi mchague ipi? Mkiwa wanne, raba kama mna jioni nzima, Chicago kama mna haraka. Mkiwa wanane, chezeni timu, wala msijaribu jozi: meza mbili tu hazitoshi kulinganisha, kila mgao unakuwa kushinda, kulingana au kushindwa tu. Mkiwa kumi na wawili jozi inaanza kuwa na ladha, na kwa meza tano au zaidi inakuwa mtihani wa kweli.

Kwa wanaojifunza, mimi natetea timu, na nimetetea hivyo mbele ya Babu anayependa jozi. Mwanafunzi anahitaji kwanza kujua kufika geimu na kutimiza mkataba. Impi inamlipa kwa mambo hayo mawili, na inamsamehe triki ya ziada aliyoiacha. Jozi inamwadhibu kwa pointi kumi ambazo bado hazioni. Baada ya miezi sita mpelekeni jozi. Atashangaa, lakini atakuwa na miguu ya kusimamia.

Vifaa havina gharama. Sisi tunatumia bahasha za kaki, kila moja na mifuko minne ya karatasi iliyogundishwa ndani: Kaskazini, Mashariki, Kusini, Magharibi. Walio hatarini wamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Kwenye bahasha 16 tunapanga nne bila hatari, nne za hatari kwa wote, nne kwa Kaskazini na Kusini, nne kwa Mashariki na Magharibi. Kila mtu anaweka karata zake mbele yake bila kuzichanganya katikati ya meza, kisha anazirudisha mfukoni mwake, na mtoto wa mwenye nyumba anazipeleka bahasha barazani. Na kwenye kona ya juu ya kila bahasha, tangu siku ya zile uru 5, pamebandikwa kipande cha karatasi chenye herufi moja kubwa, J au T. Kinabadilishwa kabla ya mgao wa kwanza, na anayefungua mnada hukitazama kabla hajafumbua kinywa.